Mwaka na nusu na Radon: uzoefu wangu wa kupima uchangamano wa msimbo

Nimeitumia Radon karibu kila siku ya kazi kwa mwaka na nusu. Ninaandika haya kwa sababu maelezo mengi ninayoyakuta kuhusu zana za namna hii huishia kwenye kuisakinisha. Kuisakinisha ni mstari mmoja tu, `pip install radon`, na umemaliza. Shughuli inaanza pale inapokupa namba nawe ukabaki kujiuliza uifanyie nini.

Kwa asiyeifahamu, Radon ni programu huria inayopima uchangamano wa msimbo ulioandikwa kwa lugha ya Python. Haiendeshi programu yako. Inausoma msimbo ulivyoandikwa, inaugeuza kuwa mti wa sintaksia (mchoro wa muundo wa sentensi zake), kisha inahesabu kila mahali njia inapogawanyika: kila `if` ni moja, kila `elif` moja, `for` moja, `while` moja, `except` moja, hata `and` na `or` ndani ya sharti huhesabiwa. `else` haihesabiwi, kwani haileti uamuzi mpya. Uamuzi ulishafanyika kwenye `if` yake. Mwishoni inajumlisha moja. Hesabu hii ni ya Thomas McCabe, aliyeichapisha Desemba 1976, na hadi leo ndiyo inayotumiwa na zana nyingi. Juu ya namba hiyo Radon inaweka daraja: 1 hadi 5 ni A, 6 hadi 10 ni B, 11 hadi 20 ni C, 21 hadi 30 ni D, 31 hadi 40 ni E, na kuanzia 41 ni F.

Nilifika kwenye Radon kwa sababu ya shida. Nilikabidhiwa programu inayokokotoa gharama za kusafirisha mizigo, na ndani yake kulikuwa na faili moja ambalo timu nzima ililikwepa. Kila tulipoongeza aina mpya ya mteja, aina nyingine iliharibika. Mtu akipewa kazi inayogusa faili lile, utaona anaanza kuuliza kama haiwezi kusubiri wiki ijayo. Wote tulijua lina tatizo, ila hakuna aliyeweza kusema tatizo liko wapi hasa, na "msimbo huu ni mbaya" si sentensi unayoweza kuifanyia kazi.

Nikaendesha `radon cc -s -a -n C` kwenye mradi mzima. `cc` ni amri ya hesabu ya McCabe, `-s` inaonyesha namba yenyewe pamoja na daraja, `-a` inatoa wastani, na `-n C` inaficha yote yaliyo A na B ili ubaki na yale yanayohitaji jicho. Kati ya mamia ya funksheni (vipande vya msimbo vyenye jina na kazi yake) zilibaki kumi na moja. Ya juu kabisa ilisomeka hivi:

`F 88:0 kokotoa_gharama - E (34)`

F ya mwanzo ni alama ya funksheni, usiichanganye na daraja F. Inaanzia mstari wa 88, daraja E, namba 34.

Namba hiyo sikuichukua kama hukumu kwa aliyeiandika. Ukifuatilia historia ya faili kwenye Git, zana inayohifadhi kila badiliko la msimbo, unaona wazi kwamba hakuna mtu aliyekaa akaandika funksheni ya 34. Watu sita tofauti waliongeza `if` moja moja, kila mmoja akiwa na haraka yake na sababu yake njema. Kilichonishtua ni jambo jingine. Namba ya McCabe ni idadi ya njia za msingi zinazojitegemea ndani ya funksheni, kwa hiyo ukitaka kuzipita zote kwa majaribio, yaani msimbo mdogo unaokagua msimbo mwingine, unahitaji takriban majaribio 34. Tulikuwa na manne. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini kila badiliko lilivunja kitu: tulikuwa tunatembea gizani kwenye nyumba yenye milango 34 huku tukiwa tumekagua minne.

Kwa hiyo sikugusa mantiki kwanza. Niliandika majaribio, siku tatu nzima, nikirekodi inachotoa kwa kila mchanganyiko niliouona, hata pale nilipodhani jibu lake si sahihi. Katika kuandika huko niligundua matawi mawili yasiyofikika kabisa. Sharti lililotangulia lilikuwa tayari limezuia kila njia ya kuyafikia. Nikayafuta, ikashuka hadi 32. Kisha nikaona sharti 15 zote zilifanya jambo moja: kutafuta kiwango kulingana na eneo na daraja la uzito. Hiyo ni data iliyovishwa nguo za mantiki. Nikaihamishia kwenye jedwali, kamusi moja yenye ufunguo wa eneo na uzito, ikashuka hadi 17. Mwisho nikatoa hesabu ya punguzo, iliyokuwa na maamuzi tisa, nikaipa funksheni yake yenyewe. `kokotoa_gharama` ikabaki 8, `kokotoa_punguzo` ikawa 10, zote B.

Hatua ya jedwali ndiyo ninayoithamini kuliko zote. Tangu siku ile, kuongeza eneo jipya ni kuongeza mstari kwenye kamusi, na hata mtu asiyeandika Python anaweza kuisoma akakwambia kiwango kimekosewa. Msomaji wa msimbo hupunguziwa mzigo pale uamuzi unapoondoka kabisa, kuliko pale unapohamishwa tu kwenda chumba kingine. Hilo nililijua kinadharia, lakini ilibidi nikosee ndipo liniingie.

Maana baada ya ushindi ule nilishikwa na hamu ya herufi. Kulikuwa na funksheni nyingine, ya kukagua faili linalopokelewa kutoka nje, yenye 12, yaani C ya chini. Ilikuwa ndefu kidogo lakini ilisomeka kutoka juu kwenda chini: kagua kichwa, kagua safu, kagua tarehe, kagua jumla. Nikaikata vipande vitano. Kila kipande kikapata A. Kila kipande kilipokea vigezo sita na kurudisha vitatu, na vipande viwili viliitwa `kagua_sehemu_ya_pili` na `kagua_sehemu_ya_tatu` kwa sababu sikupata jina la kweli la kazi yao. Wiki hiyohiyo mwenzangu alikuwa anatafuta hitilafu ya tarehe. Akaniita mezani kwake, amefungua madirisha manne ya kihariri, akaniuliza, "Ndugu yangu, tarehe inabadilikia wapi hapa?" Ilinichukua muda kumjibu, mimi niliyeiandika. Jioni ile nilirudisha funksheni nzima ilivyokuwa. Iko hapo mpaka leo, C, 12, na juu yake kuna maelezo ya mistari miwili ya kumwambia ajaye kwa nini iachwe hivyo.

Tangu hapo ninatumia kipimo changu mwenyewe kabla ya kukata chochote: nikikosa jina la kitenzi linaloeleza kipande kinafanya nini, kipande hicho hakijawa tayari kutoka.

Sasa niseme wazi kile ambacho namba hii haioni, kwa sababu nimeona watu wakiitegemea kupita uwezo wake. Haioni kina. Tazama hii:

```
def gharama(mzigo, mteja):
    if mzigo is not None:
        if mzigo.uzito > 0:
            if mteja.hai:
                return mzigo.uzito * mteja.kiwango
            else:
                raise MtejaAmefungwa()
        else:
            raise UzitoBatili()
    else:
        raise HakunaMzigo()
```

Halafu hii:

```
def gharama(mzigo, mteja):
    if mzigo is None:
        raise HakunaMzigo()
    if mzigo.uzito <= 0:
        raise UzitoBatili()
    if not mteja.hai:
        raise MtejaAmefungwa()
    return mzigo.uzito * mteja.kiwango
```

Zinafanya kazi ileile. Radon inazipa zote 4, daraja A. Lakini ya kwanza inakulazimisha kubeba sharti tatu kichwani ndipo ufike kwenye hesabu, kisha ushuke ukizioanisha `else` na `if` zake kutoka ndani kwenda nje. Ya pili inakuruhusu kusahau: ukishapita mstari wa mzigo, suala la mzigo limekwisha. Kampuni ya SonarSource ilibuni kipimo kingine kwa ajili ya jambo hili, kinachopima ugumu wa kuelewa badala ya idadi ya njia. Humo, sharti lililo ndani ya sharti linalipishwa zaidi kadiri linavyozama. Kwa kipimo hicho, funksheni ya kwanza inapata 9: moja, mbili na tatu kwa `if` zilizozama, na moja kwa kila `else`. Ya pili inapata 3. Tofauti hiyo ndiyo jicho la msomaji linaihisi.

Upande wa pili wa upofu huohuo ni `elif` ndefu iliyonyooka. Tunayo funksheni inayopokea aina ya ujumbe na kuupeleka kwa mshughulikiaji wake, matawi 18, kila tawi mstari mmoja. Radon inaipa 19, C. Mgeni wa timu anaielewa kwa kuitupia jicho mara moja. Wakati huohuo kuna lupu (mistari inayojirudia) ndani ya lupu, yenye sharti mbili na `break` ya kuikatiza katikati, inapata A kwa raha, na nimeona wazoefu wakiisoma mara tatu. Kwa hiyo sasa ninaangalia vitu viwili pamoja: namba ya Radon, na ujongezaji wa mistari. Mstari ukisogea kulia zaidi ya ngazi tatu, nausoma hata kama daraja ni A.

Radon ina amri nyingine, `radon mi`, inayotoa alama moja ya udumishaji kwa faili zima. Inachanganya ujazo wa Halstead, yaani hesabu ya viendeshi (alama za vitendo kama `+`) na viendeshwa (thamani zinazotendewa) aliyoitoa Maurice Halstead mwaka 1977, pamoja na namba ya McCabe, idadi ya mistari na asilimia ya maelezo anayoandikiwa msomaji wa msimbo. Niliitumia mwezi mmoja nikaiacha. Kuanzia 20 hadi 100 yote ni A, hivyo karibu kila faili letu lilikuwa A, likiwemo lile la gharama. Na kwa kuwa maelezo yamo kwenye fomula, unaweza kuongeza maelezo alama ikapanda huku mantiki ikiwa ileile. Mimi siioni ikinisaidia kuamua kitu.

Jambo dogo litakalokuokolea muda: kwa kawaida `assert` nayo inahesabiwa, kwa sababu ndani yake kuna sharti. Mafaili ya majaribio yamejaa `assert`, kwa hiyo utayaona yakipata madaraja mabaya bila kosa. Tumia `--no-assert`, au yaache nje kabisa kwa `-e`.

Kuhusu kuifanya iwe sheria ya timu: Radon yenyewe inaripoti tu, haimzuii mtu. Kazi ya kuzuia inafanywa na Xenon, zana inayotumia hesabu za Radon na kufelisha ukaguzi wa msimbo mpya kabla haujaunganishwa na wa timu, iwapo kiwango ulichoweka kimevukwa. Niliianzisha vibaya. Niliweka `--max-absolute B` siku ya kwanza, na asubuhi yake hakuna aliyeweza kuunganisha chochote, hata aliyesahihisha neno moja kwenye ujumbe, kwa sababu madeni ya zamani yalikuwa yanahesabiwa kwake. Nikairudisha hadi D, kiwango cha mbaya wetu wa wakati ule, nikaishusha hadi C miezi minne baadaye tulipokuwa tumemaliza zile za D. Imebaki C, na sina mpango wa kwenda B. Funksheni ya kukagua faili na ile ya matawi 18 zina haki ya kuishi.

Kilichobadilika zaidi ni maongezi yetu. Zamani tukipitia msimbo wa mtu, maoni yalikuwa "hii imenichanganya", naye angejibu kwamba kwake iko sawa, na hapo mjadala unageuka kuwa wa heshima na hisia. Siku hizi mtu anasema, "hii ilikuwa 7 sasa ni 13, kimeongezeka nini?" Swali hilo lina jibu. Mara nyingi jibu ni sharti lililoongezwa kwa ajili ya mteja mmoja, na tunaanza kuzungumza kuhusu mteja huyo badala ya kuzungumza kuhusu mwandishi. Juzi kijana aliyejiunga nasi miezi miwili iliyopita alizuiwa na Xenon kwa funksheni ya 22. Hakuja kuomba kiwango kilegezwe. Alikuja na karatasi aliyochora njia zote 22 kwa kalamu, saba kati yake zikiwa zimezungushiwa duara, akasema hizi zote zinauliza swali moja. Tukakaa, tukaanza kuandika jedwali.