Uzoefu wangu: kufufua spea za zamani au kufunga mpya kwenye Land Rover Series III

Gari ninalolirudisha katika hali yake ni Land Rover Series III ya petroli, ile yenye injini ya sentimita za ujazo 2,286. Karibu kila kifaa nilichokifungua kimeniletea swali lile lile: nikipeleke kwa fundi wa kufufua spea, au nikiweke kando ninunue kipya? Nimetumia njia zote mbili kwenye gari hili hili, na baadhi ya vifaa nimevijaribu kwa njia zote mbili ili nione tofauti.

Msimamo wangu nautoa mapema. Mwili wa spea ya zamani, yaani chuma chenyewe kilichomiminwa kiwandani, mara nyingi hauna ugonjwa wowote. Kinachokufa ni vitu vidogo vinavyosuguana au kukauka ndani yake: bushi (bomba fupi ambamo shafti inazunguka), beringi, sili, oringi (pete ndogo ya raba), kaboni. Ukibadilisha hivyo ukauacha mwili, unabaki na kifaa kilichopimwa kwa ajili ya injini ile. Ukinunua kizima, unatupa hata kile kilichokuwa kizuri, na unachokipata badala yake hukijui kimetengenezwa kwa vipimo gani. Breki ziko mbali na kanuni hii, nitazifikia.

Distribyuta, kifaa kinachogawa cheche kwa kila silinda, ndiyo iliyonifundisha zaidi. Injini ilikuwa inamisi ikiachwa iungurume yenyewe, na nikimulika alama ya taimingi kwa taa yake, alama inacheza mbele na nyuma badala ya kutulia. Nikavua kifuniko, nikaishika ncha ya shafti kwa vidole viwili na kuisukuma pembeni. Ilicheza waziwazi. Platini (vile vipande viwili vinavyogusana na kuachana ndani yake ili cheche itoke) za kampuni ya Lucas zinataka uwazi wa kama milimita 0.35 hadi 0.40, kwa hiyo shafti ikicheza hata robo ya hapo, uwazi ulioupima kwa fila geji haupo tena injini inapozunguka. Silinda moja inapata cheche mapema, nyingine imechelewa. Utabadilisha plagi, waya na koili, na ugonjwa utabaki pale pale.

Nilifunga kwanza distribyuta mpya nzima, ya kunakili. Nisiionee: shafti yake haikucheza hata kidogo, na gari liliwaka mara moja. Tatizo lilijitokeza kwenye mlima, gari likiwa na mzigo, injini ikaanza kugonga. Nikaifungua. Chini ya bamba la platini kuna vyuma viwili vya uzito vinavyoshikiliwa na springi mbili, na kazi yake ni kuiwahisha cheche kadiri kasi ya injini inavyopanda. Katika ile ya zamani, springi moja ni nyembamba na nyingine ni nene, tena ile nene imeachiwa ulegevu kidogo kwenye kitanzi chake, ili cheche iwahi haraka mwanzoni halafu ipande polepole. Ile mpya ilikuwa na springi mbili nyembamba zinazofanana. Vyuma vinafunguka vyote mapema, cheche inawahi kupita kiasi, injini inagonga. Kifaa hakikuwa kibovu. Kilikuwa kimetengenezwa kiingie kwenye injini nyingi, na yangu ni mojawapo tu.

Fundi wa kukereza alinitengenezea bushi ya bronzi kwa ile ya zamani, akaisawazisha shafti, akarudisha springi zile zile na vyuma vile vile. Alama ya taimingi ikatulia, mlima ukapandika bila kugonga. Kazi hii naipa sifa zote.

Kwenye distribyuta hiyo hiyo, rota (kipande kinachozunguka na kugawa cheche) na kondensa (kikopo kidogo kinacholinda platini) ni lazima ununue, hakuna namna ya kuvifufua. Hapo chagua kwa macho. Kuna rota mpya ambazo bamba la shaba limeshikiliwa kwa ripiti iliyopenya plastiki na kukaribia shafti. Cheche ikipata njia hiyo inaruka kwenda kwenye shafti, gari linazima likiwa la moto na kuwaka tena likipoa, nawe unailaumu petroli. Tafuta ambayo haina ripiti. Kondensa ya zamani inayofanya kazi usiitupe, iweke ndani ya gari. Mara mbili kondensa mpya imenifia mapema sana, ya zamani ikanifikisha nyumbani.

Kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, ni Zenith 36 IV. Ukiwauliza wengi watakuambia haifai, toa, weka nyingine. Siafiki. Kabureta hii ina udhaifu mmoja unaojulikana, nao unatibika: miaka ya joto na ya skrubu kukazwa kupita kiasi inaupinda ule uso wa ndani unaokutana na mfuniko. Petroli inapita pembeni ya gasketi na kudondoka kwenye koo hata usipokanyaga. Dalili zake ni harufu kali ya petroli, plagi nyeusi, na skrubu ya mchanganyiko ambayo ukiizungusha hakuna kinachobadilika. Laza rula ya chuma juu ya uso huo na umulike tochi upande wa pili. Kwangu mwanga ulipita katikati, mstari mwembamba lakini unaoonekana.

Dawa ni msasa laini uliolowa, umelazwa juu ya kipande cha kioo kinene, na subira. Unasugua kwa mizunguko mipole, unapima kwa rula, unasugua tena mpaka mwanga upotee. Kisha gasketi mpya, sili mpya ya pampu ndogo ya mafuta, na ile oringi ndogo ya ndani ambayo watu huisahau. Niliifanya mwenyewe. Kilichomhitaji fundi ni shafti ya kipepeo, ambayo ilikuwa imelika pale inapopita kwenye mwili na kuingiza hewa. Alitoboa akaweka bushi. Kabureta mpya ya kunakili niliyoijaribu ilikuwa nafuu ya haraka, iliunguruma vizuri siku ya kwanza, ila jeti zake (vitundu vinavyopima petroli) hazikuwa na namba yoyote iliyochongwa. Utairekebishaje kwa kukisia? Ukitaka kupunguza mafuta unaanzia wapi? Niliirudisha kwenye boksi lake.

Starta na alternata sizungumzii sana kwa sababu hapo jibu ni jepesi: fufua. Kaboni, beringi, bushi, na kwa alternata ya Lucas 16ACR pakiti ya dayodi na regyuleta, vyote vinapatikana peke yake. Neno moja tu kwa atakayempelekea fundi starta: zile bushi za bronzi yenye vinyweleo zinatakiwa zilowekwe kwenye oili ya injini usiku mzima kabla ya kufungwa. Muulize kama analoweka. Na akikereza komyuteta ya starta (ile ngoma ya shaba ambayo kaboni zinasugua), asichimbe ile mika iliyo kati ya vipande vya shaba. Kuchimba ni kwa dinamo, kwa starta mwongozo wa Lucas unakataza. Fundi anayelijua hilo bila kuambiwa, mshike.

Sasa breki. Hapa mapenzi yangu kwa vyuma vya zamani yanakoma. Mafuta ya breki ya kawaida yanafyonza unyevu kutoka hewani, na unyevu huo unakaa chini kabisa, ndani ya silinda za magurudumu, ukila chuma. Nilipozivua, kuta za ndani zilikuwa na vishimo ambavyo ukucha unakwama. Silinda ya namna hiyo ukiisugua na kuiwekea raba mpya, itashika kwa muda, halafu raba italika kwenye vishimo na siku moja utakanyaga pedeli iende chini yote. Nilinunua silinda mpya zote, mabomba ya raba mapya yote, na masta silinda mpya, na sijutii hata moja. Ipo njia ya kutoboa na kuingiza silivu ya chuma kisichoshika kutu, na kwa gari adimu ambalo silinda zake hazitengenezwi tena ndiyo njia sahihi. Kwa Land Rover, ambayo spea zake za breki zimejaa, sioni sababu.

Viatu vya breki vya zamani vinaweza kuwa na asbesto, madini ambayo vumbi lake linadhuru mapafu. Usipulize vumbi lake kwa upepo wa kompresa, na usiruhusu mtu yeyote apulize mbele yako. Lowesha, futa kwa kitambaa, tupa kitambaa.

Bodi nimeifanyia nusu kwa nusu. Paneli za aloi ya alumini zimenyooshwa tu, makovu mengine nimeyaacha kwa makusudi. Ukuta wa chuma ulio mbele ya miguu ulikuwa umeoza kwenye kona za chini, umekatwa pale palipooza na kuchomelewa vipande vipya. FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kihistoria lililoanzishwa mwaka 1966, katika Mkataba wake wa Turin linaweka kuhifadhi mbele ya kubadilisha, na kwenye bodi nimejaribu kulifuata hilo kadiri usalama unavyoruhusu.

Kuhusu huduma yenyewe ya kufufua, ubaya wake mkubwa ni kusubiri. Spea mpya inafika na unaifunga. Ya kufufuliwa inakaa kwenye meza ya mtu, nawe gari lako limeinuliwa juu ya stendi likiwa na tundu kwenye injini. Panga kazi zako ukilijua hilo, peleka vifaa viwili vitatu kwa pamoja. Pia dai urudishiwe vitu vya zamani vilivyotolewa, bushi iliyochakaa na beringi mbovu, uvione.

La muhimu kuliko yote, ulizeni kama fundi anafanya kazi kwa kubadilishana, yaani anachukua cha kwako na kukupa kingine alichokwisha kukitengeneza. Kuna waliofurahi kwa sababu ni haraka. Mimi niliwahi kuletewa alternata ambayo haikuwa yangu, sikio moja la kufungia limevunjika na kuchomelewa. Niliikataa, na baada ya mvutano nikapewa ya kwangu. Tangu hapo kila kifaa kabla hakijatoka mikononi mwangu nakigonga alama ndogo kwa panchi mahali pasipoonekana, nakipiga picha pande zote, na namwandikia fundi kwenye karatasi anayotia sahihi kwamba nataka mwili huu huu urudi.