Tucunaré: Rio Negro au ziwa Gatún?

Hili swali haliishi. Unataka kuvua tucunaré, yule samaki mwenye doa mkiani kama jicho la tausi, ndugu wa mbali wa sato wetu, sasa uende mto Rio Negro kule Brazili au ziwa Gatún kule Panama?

Kwa ukubwa Rio Negro haina mpinzani, rekodi ya dunia ya kilo 13 na ushee ilitoka huko huko 2010, pale Santa Isabel do Rio Negro. Anavamia chambo bandia juu ya maji mpaka unashtuka, na ndoana nyepesi anakunyooshea kama waya. Gatún ni wa kilo moja, mbili, waliletwa miaka ya 60, ila wamejaa.

Shida ya Rio Negro ni maji. Pale mji wa Manaus mto unapanda na kushuka kama mita 10 kwa mwaka, ukijaa samaki wanaingia msituni katikati ya miti, utarusha mpaka bega liume. Na hata msimu wa maji kupungua, mvua ikipiga huko juu mto unapanda ghafla, wenyeji wanaita repiquete, basi imekula kwako na hela hairudi. Gatún ni bwawa la Mfereji wa Panama, halichezi hivyo, ukiacha ukame kama wa 2023.

Gharama ndo usiseme. Gatún unatoka Panama City asubuhi, jioni umerudi hotelini. Rio Negro ni ndege mpaka Manaus, halafu mji wa Barcelos, halafu boti wiki nzima (mbu wachache lakini, yale maji meusi yana asidi).

Una siku mbili na mtoto anayejifunza? Gatún. Umejichanga miaka na roho ya kurudi mikono mitupu unayo, nenda Negro.