Mkataba wa Mfano wa AIGA Mikononi mwa Mbunifu Ambaye Hajalipwa

AIGA, chama cha wabunifu wa Marekani kilichoanzishwa mwaka 1914, hutoa bure mkataba wa mfano wa huduma za ubunifu, na wafanyakazi huru wengi huuchukua, wakafuta wasiyoyahitaji, wakajaza majina na kumpelekea mteja atie saini. Ni mkataba mrefu wenye mambo mengi, nami sina nia ya kuupitia wote. Ninaupima kwa jambo moja tu, ambalo huwafikisha wabunifu na wateja wao kwenye barua za mawakili: kazi imekabidhiwa, ankara imetumwa, mteja anampiga mbunifu danadana, na mbunifu ameiweka kazi ile kwenye potifolio yake, yaani mkusanyo wa kazi zake anaouonyesha watu. Mteja anasema kazi ni mali yake na hakuna aliyeruhusiwa kuionyesha, ilhali mbunifu anasema kazi ambayo haijalipiwa haijawa mali ya mteja.

Thamani ya mkataba wowote wa namna hii ni kile unachoongeza juu ya sheria, kwa hiyo ni lazima kwanza kutazama mtu asiye na mkataba anasimama wapi. Chini ya Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, mkataba wa kimataifa wa kulinda kazi za sanaa na maandishi, hakimiliki haidai usajili wala sharti jingine la kiofisi. Huzaliwa pamoja na kazi. Nchini Marekani, uhamisho wa hakimiliki haukamiliki mpaka uandikwe na kutiwa saini, na mwaka 1989 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, katika shauri la mchongaji aliyetengeneza sanamu kwa agizo la shirika la kutetea wasio na makazi, iliamua kwamba mtu aliyepewa kazi kwa mkataba huru hageuki mwajiriwa kwa sababu tu mteja alikuwa akimpa maelekezo. Uingereza nayo, kwa sheria yake ya mwaka 1988, humwachia mfanyakazi huru hakimiliki hadi atakapoihamisha kwa maandishi yenye saini. Ukivuka mpaka mambo hubadilika. Sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inasema kwamba hakimiliki ya kazi iliyoagizwa huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa pande mbili ziwe zimekubaliana vinginevyo. Mbunifu anayetamka kwa uhakika kwamba kazi ni yake maadamu hajalipwa anaweza kuwa sahihi katika nchi moja na akapotoka katika nyingine, na mteja vivyo hivyo.

Hata pale ambapo sheria inamwachia mbunifu hakimiliki, kutolipwa peke yake hakumnyang'anyi mteja ruhusa ya kuitumia kazi. Hilo lilionekana mwaka 1990 katika shauri la Effects Associates dhidi ya Cohen, lililoamuliwa na mahakama ya rufaa ya shirikisho ya Marekani. Kampuni ya picha maalumu za sinema ilitengeneza vipande vya filamu, ikavikabidhi, kisha mtayarishaji akalipa nusu tu ya kiasi kilichoahidiwa kwa baadhi ya vipande hivyo. Mahakama ilisema kwamba kampuni haikupoteza hakimiliki yake, kwa kuwa hapakuwa na maandishi ya kuihamisha, lakini kwa kukabidhi vipande vile ili vitumike ilikuwa imetoa leseni ya kimya, na kwa hiyo fedha zake izidai kwa sheria ya mikataba, si ya hakimiliki. Kwa mfanyakazi huru, uamuzi huo ni nusu ushindi: kazi yabaki kuwa yake, na mteja aendelea kuitumia.

Hapa ndipo mkataba wa AIGA unapoanza kuonyesha ubora wake. Unaeleza waziwazi kwamba leseni yoyote na uhamisho wowote wa haki vinategemea malipo kukamilika, na unaposema malipo haumaanishi ada ya ubunifu pekee. Unajumlisha gharama za ziada, kodi, na malipo ya mabadiliko ambayo mteja aliyaomba kazi ikiwa inaendelea. Wanaojua kazi hii wataona mara moja kwa nini jumla hiyo ina maana. Mteja mjanja mara nyingi hulipa ada kuu akabakiza ankara ndogo ya marekebisho, halafu akadai kwamba alishalipia nembo na kwamba kilichobaki ni mzozo wa mambo madogo. Kwa mkataba huu, kile kidogo kilichobaki kinatosha kuzuia haki zisihame. Unampa mbunifu pia haki ya kuzuia kazi iliyoko mikononi mwake ikiwa ankara za nyuma hazijalipwa. Leseni ya kimya iliyomwokoa mtayarishaji yule wa filamu inakosa mahali pa kushika, kwa sababu pande mbili zimeandika kwamba bila malipo kamili hakuna leseni.

Kifungu cha pili kinachonivutia ni cha kuonyesha kazi. Mbunifu anabaki na haki ya kuchapisha na kuonyesha kazi aliyokabidhi katika potifolio na tovuti zake, katika majarida ya ubunifu na katika maonyesho, kwa ajili ya kutambuliwa kitaaluma, na anabaki na haki ya kutajwa kuwa mbunifu wake. Haki hii haikufungwa kwenye malipo wala kwenye umiliki. Mteja akilipa yote na hakimiliki ikahama, mbunifu bado anaonyesha. Mteja asipolipa chochote, mbunifu bado anaonyesha. Kutenganisha mambo haya mawili ni busara ambayo mikataba mingi ya kuandikiwa haraka haina, kwani mikataba hiyo huacha suala la potifolio lifuate umiliki, na umiliki ndio hasa unaogombewa.

Wapo wanaodhani kwamba kifungu hicho hakihitajiki kwa sababu Mkataba wa Berne tayari unalinda haki za kimaadili za muumbaji, ambazo hubaki naye hata baada ya kuhamisha haki za kiuchumi. Ni kweli zinabaki, lakini tuangalie zinachotoa. Haki ya kutambuliwa kuwa mwandishi au mbunifu wa kazi ni haki ya jina lako kuambatana na kazi pale inapoonyeshwa. Haikupi ruhusa ya kuinakili na kuipandisha wewe mwenyewe kwenye tovuti baada ya hakimiliki kwenda kwa mtu mwingine. Ruhusa hiyo sharti itoke kwenye mkataba.

Kuna jambo jingine, dogo kwa maandishi lakini kubwa kwa matokeo. Kazi ya ubunifu karibu kila mara hubeba vitu vya mteja ndani yake: maandishi yake, picha za bidhaa zake, nembo ya zamani anayoendelea kuitumia. Hakimiliki ya vitu hivyo haikuwa ya mbunifu hata siku moja, na mteja mwenye wakili mzuri hatahangaika na ubunifu wenyewe, bali atalalamikia picha zake zilizomo. Mkataba wa AIGA umeliona hilo. Leseni ambayo mteja anampa mbunifu ya kutumia vitu vyake haiishii kwenye kufanya kazi. Inafika hadi kwenye matumizi yale machache ya kujitangaza ambayo mkataba umeyaruhusu. Vitu vya watu wa tatu, kama fonti na picha za kununua mtandaoni, haviingii humo, na ni sawa visiingie, kwa kuwa mteja hawezi kutoa ruhusa ya mali isiyo yake. Mbunifu mwenyewe asome leseni ya picha aliyoinunua kabla ya kuipandisha.

Niliuona mkataba huu ukijaribiwa katika kazi ya vifungashio niliyomfanyia mteja ambaye alichelewesha malipo ya mwisho na, kwa sababu zake, akachelewesha pia kuingiza bidhaa sokoni. Picha za vifungashio zilipoonekana kwenye potifolio yangu, hakunipigia simu. Aliiandikia kampuni inayohifadhi tovuti akidai ukiukaji wa hakimiliki, na ukurasa ukaondolewa. Utaratibu aliotumia unatokana na sheria ya Marekani ya mwaka 1998, nao huzifikia tovuti za watu wa kila mahali kwa sababu kampuni nyingi za kuhifadhi tovuti ziko chini ya sheria hiyo. Kampuni ikipokea notisi iliyokamilika huondoa kazi haraka ili isiwajibishwe yenyewe. Haisomi mkataba wala haimwulizi mtu nani amelipa. Aliyeondolewa kazi anaweza kutuma notisi ya kupinga, na mlalamikaji asipofungua shauri, kazi hurudishwa baada ya siku 10 hadi 14 za kazi.

Katika hatua hiyo kifungu cha malipo kilifanya kazi yake vizuri. Anayetuma notisi hutangaza, kwa adhabu ya kiapo cha uongo, kwamba ameidhinishwa na mwenye haki, na sheria hiyohiyo inamwajibisha kwa hasara anayedanganya kwa kujua. Mteja aliyetia saini mkataba unaosema haki hazihami mpaka alipe, na ambaye hajalipa, hana la kusema hapo. Hata hivyo, mtu asiye mkazi wa Marekani afahamu bei ya notisi ya kupinga: ni lazima aandike jina na anwani yake, na akubali mamlaka ya mahakama ya shirikisho ya Marekani mahali ambapo kampuni ya tovuti hupatikana. Wengi wakifika kwenye mstari huo hukata tamaa na kuiacha kazi ipotee, na nadhani baadhi ya wateja wanalijua hilo vizuri sana.

Udhaifu wa mkataba ulijitokeza mahali nisipopatazamia, kwenye kifungu cha usiri. Mkataba unasema michoro ya awali, yaani mapendekezo na majaribio yaliyotangulia kazi ya mwisho, inabaki kuwa mali ya mbunifu. Lakini michoro hiyohiyo imetajwa pia miongoni mwa habari za siri ambazo pande mbili zinaweza kupokea moja kutoka kwa nyingine. Ukisoma kwa utulivu utaona nia yake ni kumzuia mteja asichukue mapendekezo aliyoyakataa akampelekea mbunifu mwingine wa bei nafuu. Mteja aliyekasirika hasomi hivyo. Atasema kwamba vifungashio vya bidhaa ambayo haijatangazwa ni siri yake ya kibiashara, na kwamba kifungu cha kuonyesha kazi hakikukusudiwa kumpa mbunifu uwezo wa kuitangaza bidhaa kabla ya mwenye bidhaa. Hoja hiyo haina uhusiano na hakimiliki, kwa hiyo umiliki wa mbunifu, hata ukiwa thabiti kiasi gani, hauijibu. Mkataba hausemi maonyesho yanaanza lini. Kwa mkataba wa urefu huu, uliotungwa na watu wanaojua kwamba bidhaa nyingi hukwama kabla ya kufika sokoni, naliona hilo kuwa pengo lisilo na udhuru.

Kuhusu mengineyo nitakuwa mfupi. Nafasi ya kujaza sheria itakayotumika imeandikwa kwa kufikiria majimbo ya Marekani, na anayeutumia kwingine asijaze tu jina la nchi yake akaendelea. Miongoni mwa viambatisho vya haki kuna chaguo la kuihesabu kazi kuwa ya mteja tangu inapoundwa, kana kwamba mbunifu ni mwajiriwa. Sheria ya Marekani inakubali jambo hilo kwa kazi za mikataba huru zilizomo katika orodha ya aina 9 tu, na nembo ya kawaida haimo, kwa hiyo sioni kwa nini mfanyakazi huru alichague. Urefu nao ni kero ya kweli, maana mteja mdogo akiuona huogopa, na akiogopa hasaini. Kwa mteja wa namna hiyo ninaona afadhali Contract Killer, hati nyingine ya mkataba wa mfano, ya Andy Clarke, mbunifu wa Uingereza aliyeitoa mwaka 2008: imeandikwa kwa lugha ya mazungumzo, inahamisha hakimiliki malipo ya mwisho yanapoingia, na inaruhusu kuonyesha hata michoro na kazi ambazo hazijakamilika. Inachokosa ni upana. Jambo la vitu vya mteja vilivyomo ndani ya kazi halikushughulikiwa kwa makini kama AIGA walivyolishughulikia.

Kwa kazi kubwa naendelea kuutumia mkataba wa AIGA, nikiwa nimeongeza sentensi mbili. Ya kwanza inasema kwamba haki ya kuonyesha inaanza siku mteja anapoitoa kazi hadharani au baada ya muda uliokubaliwa tangu kukabidhiwa, lolote litakalotangulia, na kwamba kuanzia siku hiyo kifungu cha usiri hakiizuii. Ya pili inasema kwamba kuchelewa kwa malipo hakusogezi mbele tarehe hiyo. Siongezi chochote kinachoniruhusu kuandika chini ya picha kwamba mteja hajalipa, ingawa najua wenzangu wanaotamani kufanya hivyo. Haki ya kuonyesha ilitolewa kwa ajili ya kutambuliwa kitaaluma, na mbunifu anayeigeuza kuwa ubao wa aibu anamkabidhi mteja shauri la kashfa ambalo hakuwa nalo. Wateja wachache wameomba kukifuta kifungu chote cha maonyesho. Nikiwauliza, mara nyingi hubainika kwamba wanachokihofia ni kazi kuonekana mapema, nao huikubali tarehe. Aliyebaki anakataa hata baada ya kupewa tarehe namtajia ada iliyo juu zaidi, kwa sababu ananunua kitu ambacho wengine hawakukinunua, na fungu hilo la ziada nalitaka lilipwe pamoja na malipo ya awali.