Huduma ya lishe baada ya kukata tumbo: karatasi tatu na kikombe cha kahawa

Watu wengi nimewaahidi nitaandika kuhusu kula baada ya upasuaji wa tumbo wa kupunguza uzito, maana kila wiki kuna mtu ananiuliza inboksi "we ulikuwa unakula nini baada ya upasuaji" na mi kila nikitaka kujibu kwa mistari miwili naona nitampoteza. Kwa hiyo naandika hapa yote. Majina ya hospitali na kliniki sitataja, nasema tu nilichopewa, nilicholipia, na kilichonisaidia.

Kwanza mjue mi nilifanya slivu, ile tumbo linakatwa kwa urefu linabaki jembamba kama ndizi, karibu robo tatu au zaidi linatolewa kabisa. Sio baipasi, ambayo wanatenga kifuko kidogo juu ya tumbo afu utumbo unavutwa unaungwa hapo hapo. Na sio puto kama lile wanaloweka hospitali ya Mloganzila, ambalo hukatwi popote, linaingizwa tumboni na baada ya miezi kadhaa linatolewa. Nayasema haya mapema kwa sababu mkanganyiko wote unaanzia hapa, unakuta watu watatu wamekaa benchi moja, kila mtu ana karatasi yake, wanaulizana "mbona we umeruhusiwa mayai" kumbe kila mmoja kafanyiwa kitu chake.

Mi nilifanyiwa India mwaka jana mwezi wa pili nikiwa na kilo 121. Upasuaji wenyewe sina neno, wale madaktari nawaombea kheri mpaka leo. Ila lishe, nilipewa karatasi moja siku ya kutoka, nesi akaisoma haraka haraka huku nafunga begi. Wiki mbili vya maji, wiki mbili vya kusaga, wiki mbili vilaini, afu taratibu chakula cha kawaida. Mpangilio ni mzuri tu. Tatizo vyakula vilivyoandikwa mle ni dali na paniri, yaani dengu za kupika na jibini ya Kihindi, na vitu vya kwao, nimefika Dar mama anaishika ile karatasi anaigeuza geuza ananiuliza "paniri ndo nini mwanangu?" na mimi mwenyewe nilikuwa nimeiona mara moja tu kwenye treya ya hospitali. Mama akaamua kufanya anachokijua, uji wa lishe asubuhi na jioni, mchana supu ya ng'ombe imechujwa. Kwa upendo kabisa. Na sikumlaumu wala simlaumu.

Wiki ya tatu nikaanza kuishiwa nguvu, nikisimama naona giza, mkojo rangi ya chai ya rangi. Nikaenda kliniki moja binafsi hapa mjini, wanajitangaza sana kwamba ni wataalamu wa uzito. Hawa ndio nataka niwaseme vizuri. Nimelipa elfu 80 ya kumuona mtaalamu, nikakaa naye kama dakika kumi, hakuniuliza ni upasuaji gani, hakuniuliza nakunywa maji kiasi gani, hakunishika hata presha. Nikamwambia kizunguzungu akasema ni kawaida mwili unazoea. Akaprinti karatasi yake: kula mara sita kwa siku, usinywe maji saa nzima kabla ya kula na saa nzima baada ya kula, vitamini miezi sita inatosha, na kopo la poda ya protini ambalo liko hapo hapo kaunta laki na tisini.

Sasa kaa chini upige hesabu. Kula mara sita, kila mlo unakuchukua nusu saa maana tumbo ni dogo unakula kwa kijiko kidogo kidogo, ongeza saa moja ya mbele na saa moja ya nyuma usiguse maji. Siku imeisha. Maji utakunywa saa ngapi? Na karatasi ile ile chini inasema unywe lita mbili. Nilijaribu kuifuata kwa siku nne, ya nne mdomo umekauka mpaka ulimi unagandia, ndo dada yangu akanibeba akanipeleka hospitali nikawekewa dripu mbili. Nyota moja, na hiyo moja ni ya dada wa mapokezi alinipa kiti haraka.

Pale pale nilipowekewa dripu, daktari wa zamu akaniambia kuna mama wa lishe anakuja Jumanne na Alhamisi, nisiondoke bila kumuona. Nikamsubiri.

Huyu mama ndo sababu ya mimi kuandika. Ni mtu mzima, chumba chake ni kidogo kina joto, feni inazunguka haipozi kitu. Nimeingia nikamwamkia, "marahaba mwanangu, kaa, lete karatasi zako zote." Nikampa zote, ya India, ya kliniki, na ya tatu ambayo jirani yetu alinipa, yeye alifanya baipasi Uturuki. Akazipanga mezani pembeni kwa pembeni, akachukua peni nyekundu, akaanza kuniuliza maswali kabla hajasema lolote: walikukata vipi, leo ni siku ya ngapi, jana ulikula nini tangu umeamka, ulikunywa nini, umetapika mara ngapi. Kila jibu anaandika. Afu juu ya kila karatasi akaandika kitu ambacho hakikuwepo, hii ni ya slivu, hii ni ya baipasi, hii haijasema ni ya nani, na pembeni ya kila mstari akaweka ni kuanzia wiki ya ngapi mpaka ya ngapi.

Jamani mi pale ndo nikaelewa. Karatasi zangu zilikuwa zinagombana kwa sababu hazikuwa na tarehe. Ile iliyosema kula mara sita na nyingine iliyosema kula mara tatu zote ni sahihi, ila ya kwanza ni ya miezi ya mwanzo ambapo mlo mmoja haukai hata robo kikombe, kwa hiyo lazima ugawe gawe ili protini ifike. Ukishaweza kula kiasi cha kueleweka unarudi kwenye milo mitatu, na kama lazima unaongeza kimoja kidogo katikati, kwa sababu ukiendelea na mara sita mwaka mzima unageuka mtu wa kudokoa, karanga hapa, kipande cha andazi pale, na uzito unarudi taratibu huku unaapa unakula kidogo. Kuhusu maji akasema hata wataalamu wenyewe hawajakubaliana dakika ngapi, wengi wanasema nusu saa baada ya kula, na ushahidi wake sio mkubwa hivyo, kwa hiyo mimi nishike nusu saa baada, kabla ya kula ninywe mpaka karibu na mlo bila wasiwasi, na nikiona kati ya nusu saa na kukaukiwa maji nichague maji. Hakuna aliyewahi kuniambia lipi lina uzito kuliko lingine. Yeye alinipangia: kwanza maji, pili protini, tatu vitamini, mengine yote yanafuata.

Afu akafungua droo akatoa kikombe cha kahawa, vile vidogo vya wauza kahawa wa barazani visivyo na mkono. Akaniambia hiki ndo mlo wako kwa sasa, na kijiko chako ni cha chai. Akachukua uji wa mama yangu, kwa maneno tu akauchambua: ule uji mna mahindi, mchele, ulezi, soya kidogo na karanga kidogo, sehemu kubwa ni wanga, unajaza kikombe chako chote na protini hujapata. Na supu iliyochujwa ni maji yenye chumvi na ladha, nyama imebaki kwenye sufuria. Lengo langu ni gramu 60 mpaka 80 za protini kwa siku. Yai moja lina kama 6. Glasi ya maziwa 8. Kwa hiyo tukapanga vitu vya nyumbani, yai la kuchemsha limepondwa na mtindi, samaki amechambuliwa akasagwa na mchuzi wake, dagaa wakavu wa kusaga unga wake unaweka kijiko kwenye mboga, maharage yamepondwa na kuchujwa maganda. Poda akasema sio haramu, inasaidia wiki za mwanzo, ila sio lazima ile ya laki na tisini. Uji hakuukataza, akasema upikwe kwa maziwa, uwe mwepesi, na uje baada ya yai. Mama aliposikia hivyo alifurahi sana.

Kwenye vitamini hapo alikuwa mkali. Hakuna cha miezi sita, ni maisha yote, kwa sababu sehemu iliyotolewa ndo ilikuwa inasaidia B12 ifyonzwe. Akaniuliza vidonge vya madini ya chuma nameza na nini, nikasema na chai. Akaweka peni chini. Chai inazuia chuma, na kalsiamu nayo inagombana na chuma, zitenganishwe masaa mawili. Na akanisisitizia nikitapika siku mbili tatu mfululizo nisikae ndani nikisubiri ipite, niende hospitali, maana vitamini B1 mwili hauiweki akiba ya muda mrefu na ikiisha inashambulia mishipa ya fahamu, unaanza na ganzi miguuni. Hii hata India hawakuniambia!

Ugali nilijaribu mwenyewe wiki ya saba bila kumuuliza. Tonge moja dogo, likasimama kifuani kama jiwe, mate yanajaa mdomoni, nikatembea uani dakika ishirini mpaka likashuka. Nilivyomwambia hakunigombeza, aliniambia ugali, mkate na wali ndo vya mwisho kurudi, na vikirudi ni tonge ukubwa wa punje ya njugu, ulitafune mpaka ligeuke uji mdomoni.

Kasoro zake zipo. Anapatikana siku mbili tu kwa wiki, foleni inaweza kukuweka masaa matatu, simu hapokei na hana namba ya kutuma meseji. Kalsiamu aina ya sitreti aliyoniandikia nilizunguka maduka ya dawa manne Kariakoo kabla sijaipata, ile ya kawaida imejaa kila mahali lakini hiyo ya kawaida inataka asidi ya tumbo ndo ifanye kazi vizuri. Na vipimo vya damu unalipia pembeni, vinauma mfukoni. Kumuona yeye ni elfu 20. Nampa nyota tano, ningeweza kumpa zaidi ningempa.

Sasa hivi niko kilo 86, nywele zilikatika sana mwezi wa nne na wa tano zikaanza kuota upya, milo mitatu, mama anapika kwa sufuria moja na wengine na mimi anapakua kwanza samaki. Kikombe cha kahawa kipo kabatini kwangu, nilinunua cha kwangu pale mtaani Gerezani.

Ukienda kwake fika saa moja asubuhi, namba zinaisha mapema, na beba ripoti ya upasuaji yenye aina ya upasuaji na tarehe. Atakuomba hiyo kabla hujakaa vizuri.