Seti ya kuanzia kusokota sufu: tathmini kwa anayefuma kroshia

Seti za kujifunzia kusokota sufu, zile zinazoagizwa mtandaoni kutoka New Zealand, Uingereza au Marekani, hufanana kwa sehemu kubwa. Ndani ya boksi mna pia moja ya mbao (kifaa cha kusokotea kinachozunguka kama pia ya mtoto), sufu ya gramu 100 hivi iliyokwisha kuoshwa na kuchanwa, kipande cha uzi wa kuanzia na karatasi ya maelekezo. Pia ikiwa na uzito unaofaa na sufu ikiwa ya kondoo wa Corriedale, fedha yako haijapotea. Kasoro iko kwenye karatasi. Kwa kawaida huandikwa kwa kumfikiria anayefuma kwa sindano mbili, na mfumaji wa kroshia akiifuata neno kwa neno atapata uzi unaopendeza machoni lakini unaofunguka mkononi mara sindano inapoanza kazi.

Kwanza pia yenyewe. Ni kijiti cha sentimita 25 hadi 30 kilichopitishwa katikati ya kisahani cha mbao. Kisahani ndicho kinachohifadhi mzunguko: kikiwa kipana na kizito ukingoni, pia huzunguka polepole lakini kwa muda mrefu; kikiwa chembamba, huzunguka kwa kasi na kuchoka mapema. Kisahani kikikaa juu, karibu na kulabu, unaizungusha pia kwa kuviringisha kijiti pajani au kwa vidole, na uzi unaunasa kwenye kulabu bila kufunga chochote. Kisahani kikikaa chini, pia hutulia zaidi, ila kila ukimaliza kukunja uzi inabidi ufunge kitanzi upya kwenye ncha ya juu. Kitanzi kikilegea, pia iko sakafuni. Kwa anayeanza, chukua ya kisahani cha juu.

Uzito ni jambo la kuuliza kabla ya kulipa. Pia ya gramu 80 si mbaya, lakini ni ya uzi mnene. Mfumaji wa kroshia anayetumia sindano ya milimita 4 au 5 anahitaji uzi wa nyuzi mbili zilizopotwa pamoja, kwa hiyo kila uzi mmoja lazima uwe mwembamba. Pia nzito huukata uzi mwembamba kabla mikono haijazoea, na kadiri uzi unavyojaa kijitini ndivyo uzito unavyozidi. Gramu 40 hadi 60 ndiyo ngazi ya kutafuta. Muuzaji asiyetaja uzito wa pia yake, mwulize. Asipojua, nenda kwa mwingine.

Ukipokea pia, ishike wima na uizungushe kwa vidole bila uzi, ukitazama ukingo wa kisahani. Ukingo ukipanda na kushuka, kisahani hakikukaa sawa kwenye kijiti. Ukingo ukiwa sawa lakini ncha ya juu inachora duara hewani, kulabu haiko katikati. Hilo la pili hurekebishika kwa koleo: pinda kulabu taratibu mpaka sehemu inayobeba uzi iwe juu kabisa ya kitovu cha kijiti. La kwanza ni sababu ya kuirudisha.

Asiyetaka kuagiza pia ya mbao anaweza kuunda inayofanya kazi ile ile kwa sidii (CD) mbili za zamani. Sidii moja ina upana wa sentimita 12, tundu la milimita 15 na uzito wa gramu 15 hivi, kwa hiyo mbili ni gramu 30. Tafuta kijiti kilichonyooka cha milimita 8 au 9, kizungushie ukanda wa tyubu ya baiskeli mpaka kibane tundu, kisha skrubu kulabu ndogo kwenye ncha ya juu. Zikionekana nyepesi mno, ongeza sidii ya tatu. Kwa haki kabisa, pia hii huzunguka muda mrefu kuliko baadhi ya pia za mbao za bei ya chini, kwa kuwa ni pana. Upungufu wake ni kwamba ukingo wa plastiki unateleza: bila kukata chale ndogo ukingoni, uzi huhamahama na pia inayumba.

Kama fedha ni kidogo, basi unda pia na ununue sufu nzuri, wala usifanye kinyume chake. Sufu ya Corriedale, kondoo aliyetokana na kuchanganya Merino na kondoo wa Kiingereza wenye manyoya marefu huko New Zealand katika karne ya 19, ndiyo inayovumilia makosa ya anayejifunza. Kampuni ya Ashford ya Ashburton, New Zealand, iliyoanza 1934, huuza utambi wa Corriedale, yaani sufu iliyochanwa ikawa mkanda mrefu, wenye nywele za unene wa maikroni 30 (maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita). Unene huo unashikika vidoleni, hautelezi ovyo, na nywele zake ni ndefu. Merino ya maikroni 22 ni laini zaidi, ndiyo sababu huvutia machoni dukani, lakini nywele zake ni fupi na zinateleza. Mikono migeni huiachia ikatike, na kofia iliyofumwa kwayo hutoa vipira vya manyoya upesi. Merino iwe ya safari ya pili.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, kondoo wa Corriedale na Merino wanafugwa katika nyanda za juu za Kenya, na Nanyuki kuna wanawake wanaosokota sufu kwa mkono kama kazi. Sufu ghafi ni ya bei nafuu kuliko utambi wa kuagiza, ila ina mafuta, vumbi na majani, na baada ya kuoshwa hupungua uzito sana. Itakubidi kuichana kwa machanuo mawili ya sufu kabla hujaishika pia yako. Kwa somo la kwanza, hiyo ni kazi mbili kwa wakati mmoja.

Sasa ile karatasi. Maelekezo ya kawaida husema: zungusha pia kufuata mshale wa saa, ukitazama kutoka juu, kisha wakati wa kupota nyuzi mbili zungusha kinyume. Uzi unaotoka huwa na msokoto wa mwisho wa S, yaani mistari yake inalala kama sehemu ya kati ya herufi hiyo. Kwa sindano mbili hakuna neno. Lakini anayefuma kroshia kwa mkono wa kulia, kila anapozungusha uzi kwenye sindano, anaongeza mzungusho mdogo ambao kwa kawaida hufungua msokoto wa S. Baada ya mistari michache nyuzi mbili zinaachana, ncha ya sindano inapenya katikati yake, na unavuta uzi mmoja ukiacha mwenzake. Mfumaji hudhani sindano ni mbovu. Ndiyo maana nyuzi nyingi ngumu za pamba za kufumia vitambaa vya meza humaliziwa kwa msokoto wa Z.

Kwa hiyo geuza kila kitu. Sokota uzi mmoja mmoja kinyume cha saa, halafu upote kufuata saa. Pia haijali, huzunguka kokote utakakoipeleka. Hakikisha tu chale ya ukingoni haikukatwa kwa mshazari wa upande mmoja. Ikiwa hivyo, kata nyingine upande wa pili. Mfumaji wa mkono wa kushoto afuate karatasi kama ilivyo. Na kwa kuwa mikono hutofautiana, jaribu kwanza kwa uzi wa dukani: fuma mishono 30, kisha tazama uzi ulio kati ya sindano na bonge. Ukiwa umelegea na nyuzi zake zinaonekana moja moja, mkono wako unafungua msokoto ule. Ukiwa umekaza na unataka kujikunja, mkono wako unaongeza.

Kusokota kwenyewe kuanze na pia ikiwa imesimama, wala si ikining'inia. Funga sentimita 50 za uzi wa kuanzia kwenye kijiti chini ya kisahani, upitishe kwenye chale, kisha kwenye kulabu. Nyofoa kipande cha utambi cha sentimita 30, ukigawe kwa urefu mara nne, na ukivute kidogo kidogo mpaka kiwe chembamba kama penseli lakini hakijakatika. Tandaza ncha yake juu ya ncha ya uzi wa kuanzia kwa sentimita 8 hadi 10, vyote vikiwa vimefumuliwa manyoya. Zungusha pia, acha msokoto ukusanyike katika uzi, kisha ibane pia katikati ya magoti. Mkono mmoja ubane uzi mahali sufu inapoanzia, mwingine uvute sufu nyuma mpaka iwe na unene unaoutaka. Ndipo ulegeze mkono wa mbele usogee nyuma, msokoto uufuate. Bana, vuta, legeza. Ukiisha msokoto, zungusha tena.

Kosa linalowapata karibu wote ni kuacha msokoto uingie kwenye sufu ambayo haijavutwa. Nywele zikishasokotwa hazitelezeki, na ukivuta kwa nguvu utapata donge nene likifuatwa na sehemu nyembamba kama unywele. Likitokea, usivute zaidi. Shika pande mbili za donge, zungusha vidole kinyume cha msokoto mpaka lilegee, ndipo uvute. Kosa la pili ni kuisogeza mikono karibu mno. Umbali kati yake lazima upite urefu wa unywele mmoja, ambao kwa Corriedale ni sentimita 10 au zaidi. Mikono ikiwa karibu kuliko hapo unashika nywele zile zile kwa ncha zote mbili, na hakuna nguvu itakayozitenganisha. Sufu "inayogoma kuvutika" mara nyingi inagombea hilo tu. Viganja vyenye jasho, jambo la kila siku katika joto la pwani, hugandisha sufu vilevile. Weka kitambaa kikavu mapajani na sokota asubuhi.

Kujua kama msokoto unatosha, legeza sentimita 20 za uzi mpya na uuache ujikunje wenyewe mara mbili. Ukijikunja ukatulia kama uzi unaoutamani, inatosha. Ukibaki wazi kama kamba iliyolowa, zungusha zaidi. Ukitoa vifundo, umezidisha. Kwa kroshia zidisha msokoto kidogo kupita unavyodhani unatosha, kwa sababu kupota kutaondoa sehemu ya msokoto huo. Pima unene kwa kuzungusha uzi kwenye rula bila kuukaza: mizunguko 15 ndani ya sentimita 2.5 kwa uzi mmoja itakupa, ukipota nyuzi mbili, takriban mizunguko 10, unene wa sindano ya milimita 5. Bandika kipande cha uzi huo kwenye kadi na ukilinganishe kila baada ya dakika chache, maana mkono hubadilika bila taarifa.

Pia ikishiba gramu 25 au 30, hamishia uzi kwenye bonge, ulale usiku mmoja ili msokoto utulie, kisha sokota bonge la pili. Weka mabonge mawili katika mabakuli mawili yasichanganyike, unganisha ncha kwenye uzi wa kuanzia na uzungushe pia upande wa pili, nyuzi zote mbili zikiwa zimevutika sawasawa. Mmoja ukilegea utauzunguka mwenzake kama mtambaa. Kwa kroshia kupota kuwe kwa nguvu: uzi uliopotwa kwa ulegevu ndio unaogawanyika kwenye ncha ya sindano. Kama unafuma vikapu, midoli au chochote kinachotaka mishono iliyosimama, pota nyuzi tatu, uzi utakuwa mviringo. Nyuzi mbili zinatosha kwa shali na kazi zenye matundu. Uzi mmoja usiopotwa tunaushauri usitumike: hulalisha kitambaa upande mmoja na hutoa manyoya.

Zungusha uzi kwenye mgongo wa kiti, ufunge mahali pane, uloweke dakika 20 katika maji ya uvuguvugu yenye tone la sabuni ya vyombo. Usiusugue, wala usiutoe maji ya moto ukautia ya baridi: joto linalobadilika ghafla pamoja na msuguano hugandamanisha sufu. Ukamue ndani ya taulo, uupige mara mbili hewani na uuanike kivulini bila kuning'iniza uzito wowote, kwa sababu uzito hunyoosha uzi kwa muda na kitambaa hujikunja siku ya kwanza kinapofuliwa. Sampuli ya kupimia mishono ifumwe baada ya kuosha uzi, kwani hapo unavimba na kufupika.

Gramu 100 za uzi wa unene huu ni mita 180 hivi, na hizo zinahitaji karibu mita 400 za uzi mmoja mmoja kabla ya kupota. Zinatosha kofia ya mtu mzima. Hazitoshi kofia na skafu, ingawa picha kwenye maboksi mengi huonyesha vyote viwili. Anayetaka vyote aagize gramu 300 za kundi moja, kwa kuwa rangi ya utambi hutofautiana toleo hadi toleo. Zitakazobaki zihifadhi ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri. Nondo wa nguo hutaga kwenye sufu, na viwavi wake hawachagui kati ya utambi na kofia iliyokwisha kufumwa.