Upanga Usiomkubali Mshikaji: Tathmini ya Kanuni za Silaha za Kichawi katika Mwongozo wa Dungeons & Dragons wa 2024

Dungeon Master's Guide ya toleo la 2024, iliyotoka tarehe 12 Novemba mwaka huo ikiwa na kurasa 384, ndicho kitabu ninachoongozea meza yetu ya Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambamo wachezaji huigiza wahusika na kuamua matokeo kwa kete, na sehemu yake niliyoifungua mara nyingi kuliko nyingine zote ni ile ya vifaa vya kichawi. Nitakitathmini kwa swali moja tu, ambalo kila mwongoza mchezo hukutana nalo: silaha iliyowekewa sharti la fani (kazi ya mhusika, kama mpiganaji au kasisi) au kabila ikiangukia mikononi mwa mtu asiyetimiza sharti hilo, je, kitabu kinamsaidia kuamua la kufanya, au kinamwachia katazo tupu?

Kwa msomaji asiyeufahamu mchezo huu, silaha nyingi zenye nguvu kubwa hudai mshikaji afungamane nazo kwanza. Mhusika hukaa na kifaa katika mapumziko mafupi ya saa moja mpaka uchawi wake umkubali, na haruhusiwi kufungamana na vifaa zaidi ya vitatu kwa wakati mmoja. Baadhi ya silaha huongeza sharti la pili. Upanga uitwao Holy Avenger humkubali paladini peke yake, yaani askari aliyekula kiapo kitakatifu. Mwingine yeyote akiushika, anashika chuma cha kawaida.

Katazo hili si la jana. Mchezo ulipochapishwa mara ya kwanza mwaka 1974, wachawi waliruhusiwa jambia tu, na makasisi walizuiwa silaha zenye makali. Lakini mwongozo wa mwaka 1979 ulikuwa na busara ambayo naisikitikia kila ninapofungua kitabu kipya. Humo, Holy Avenger ilikuwa na nyongeza ya 5, yaani namba inayojumlishwa kwenye kete za kulenga na za madhara, mkononi mwa paladini, na mtu mwingine akiushika ulifanya kazi kama upanga wa kichawi wenye nyongeza ya 2. Silaha ilikuwa nusu macho, nusu usingizini. Mshikaji asiyestahili alifaidi kiasi, na kila alipoipiga kete alikumbuka kuwa kuna nguvu ambayo bado hajafunuliwa. Toleo la mwaka 2000 liliendeleza mtindo huohuo. Katika kitabu cha 2024, kama ilivyokuwa katika kile cha 2014, upanga ama umeamka wote au umelala wote.

Nakiri kwamba sharti lenyewe lina sababu, ingawa maelezo ya upanga hayaitaji. Holy Avenger huongeza kete mbili za pande 10 kwa kila pigo linalompata shetani au mfu aliyefufuka, yaani wastani wa pointi 11 za madhara. Mpiganaji wa daraja la 11, yaani kiwango cha 11 cha uzoefu, hupiga mara tatu katika zamu moja, ilhali paladini hupiga mara mbili. Mapigo yote yakipata, mpiganaji huongeza wastani wa pointi 33 na paladini 22. Anayefuta sharti kwa huruma anaipeleka silaha kwa yule atakayeitumia kwa ukali zaidi kuliko mwenyewe aliyekusudiwa. Kitabu kingelieleza jambo hili kwa sentensi mbili tu, waongoza mchezo wengi wangeepuka kosa nililolifanya mimi.

Kosa lenyewe lilikuwa hili. Kundi letu halikuwa na paladini, na mpiganaji wa daraja la 11 aliukuta upanga huo ndani ya kaburi la wafalme. Nilimruhusu afungamane nao bila sharti lolote. Mapambano mawili baadaye, mchezaji wa kasisi, ambaye kuwakabili wafu ndiyo kazi aliyomjengea mhusika wake tangu mwanzo, aliniambia waziwazi kwamba haoni tena sababu ya kuwapo mezani. Alikuwa na haki, nami nilimwomba radhi.

Mahali ambapo kitabu kipya kimefanya vizuri ni katika nyundo iitwayo Dwarven Thrower, ambayo ukiirusha humpiga adui na kurudi mkononi. Zamani ilifungamana na dwafu tu, watu wale wafupi wenye sifa ya uhunzi. Sasa inamkubali pia aliyefungamana na mshipi uitwao Belt of Dwarvenkind, ambao humpa mvaaji uwezo wa kuona gizani, lugha ya madwafu na hata uwezekano wa kuota ndevu alfajiri. Huku ndiko kulegeza sharti kunakostahili sifa. Sharti halikufutwa ila limewekewa bei, kwa kuwa mshipi na nyundo kwa pamoja vinachukua nafasi mbili kati ya tatu alizonazo mhusika. Mchezaji anapata njia, na njia hiyo inaweza kuwa safari nzima ya kuusaka mshipi. Laiti waandishi wangezipa silaha kumi nyingine mlango wa namna hii.

Badala yake, mlango mwingine umefungwa. Katika kanuni za 2014, mwizi aliyefika daraja la 13 alipuuza masharti yote ya fani, kabila na daraja katika kutumia vifaa vya kichawi. Kanuni za 2024 zimempa badala yake nafasi ya nne ya kufungamana, pamoja na kete ya pande 6 ambayo ikiangukia sita hutumia nguvu ya kifaa bila kuipunguza akiba yake. Kwa hesabu, hiyo ni zawadi nzuri. Kwa hadithi, ni hasara, kwa maana mwizi anayeidanganya silaha takatifu ni mhusika wa kukumbukwa kuliko mwizi mwenye pete moja zaidi.

Kwa hayo naipa sehemu hii nyota 3 kati ya 5. Mezani kwetu tumerudia utaratibu wa 1979: Holy Avenger mkononi mwa mpiganaji ikawa na nyongeza ya 2, bila zile kete mbili za ziada dhidi ya mashetani na wafu, wala ulinzi wake dhidi ya uchawi kwa walio ndani ya futi 10. Kisha mchezaji mwenyewe akagundua njia iliyo halali kabisa katika kanuni. Mwenye alama 13 za nguvu na 13 za haiba anaweza kuchukua daraja moja la upaladini, na upanga unataka paladini tu, hautaji daraja. Alipopanda tena aliliahirisha daraja la upiganaji, akala kiapo mbele ya kaburi lilelile, na aliyemsimamia kiapo alikuwa kasisi wetu.