Nimejaribu vivariamu ya vyura wa mshale ndani ya nyumba ya mawe Lamu, kusi mpaka kaskazi

Asalaamu alaykum ndugu zangu, karibuni tena kwetu Lamu. Leo kamera nimeiweka chini kabisa, karibu na sakafu, manake kitu chenyewe kiko chini, na kwa nini kiko chini ndio nusu ya habari ya leo.

Hili kabati la kioo mnaloliona ndio vivariamu. Upana sentimita 45, kina 45, kimo 60, milango miwili mbele, juu wavu. Nilinunua seti nzima, kabati, taa ya LED, pampu ya kunyunyiza yenye nozeli mbili, kipima joto na unyevu, na mkeka wa kupasha joto. Shilingi 38,000, na hapo sijahesabu basi mpaka Mokowe, boti mpaka gatini, na mahamali wawili waliolibeba kwa mikono mpaka hapa mtaani, kioo sikutaka kipande juu ya punda.

Nasema mapema msije mkangoja bure: ndani hamna chura hata mmoja. Nina miezi minane naijaribu tupu, toka Agosti kusi ikivuma mpaka sasa Machi, na mtanielewa kwa nini.

Vyura wa mshale ni wale wadogo wa rangi kali wa Amerika ya Kati na Kusini. Mimi niliwajua nilipokua nafanya kazi Italia, bosi wangu alikua na jozi ya leucomelas, weusi wenye mabaka ya njano, wa Venezuela huko, na kuwalisha ilikua kazi yangu. Dume akilia utasema ndege. Niliwapenda sana, na ndio maana sitaki kumleta mmoja hapa akafa kwa pupa yangu.

Sumu, najua ndio swali la kwanza la akina mama. Wale wa msituni wanaipata kwenye chakula, chungu na utitiri wanaokula huko, ndio sumu inakaa kwenye ngozi. Aliyezaliwa kwenye kabati akalishwa nzi wa matunda hana. Yule wa dhahabu wa Kolombia, Phyllobates terribilis, ndie Waembera, wenyeji wa misitu ya huko, walikua wakimpitishia vishale mgongoni, na ni aina chache tu, tatu nne hivi, zilizotumiwa kwa kazi hio, ila jina likawaenea ukoo mzima.

Haya turudi kwenye kabati. Ndugu zangu, hizi seti zimetengenezwa na watu wa nchi za baridi kwa watu wa nchi za baridi. Ukifungua kile kijitabu, kurasa na kurasa ni vipi upashe joto. Chura huyu anataka nyuzi 22 mpaka 26, ikifika 30 ameanza kuumia, na sisi Lamu kaskazi ikituama 30 tunaipata kivulini na feni inazunguka. Kwa hivo ule mkeka wa kupasha sijautoa hata kwenye nailoni yake. Kazi ya huku ni kupoza.

Mwanzo nililiweka orofani kwa sababu kuna mwanga mzuri na watu wanaliona. Kosa. Taa ya seti inalala moja kwa moja juu ya wavu, inasukuma joto ndani, Novemba mchana nikasoma 31. Nikaiinua taa kwa vipande viwili vya boriti, sentimita kumi hivi, ikashuka kidogo. Alafu nikaliteremsha kabati huku chini, chumba cha ndani kabisa, ukuta wa matumbawe mnene kuliko urefu wa mkono wangu toka kiwiko mpaka vidole, hauna dirisha la jua, na siku hio hio, saa ile ile ya mchana, nyuzi tatu zikaondoka. Sikununua kitu. Wazee waliojenga nyumba hizi walijua walichokua wanafanya, wewe mwenye nyumba ya bloku na mabati sijui kama nikushauri ununue hii seti, kwa kweli nakushauri usinunue.

Nimeongeza feni ndogo ya kompyuta, ya volti 12, inavuta hewa ya moto hapo juu. Inasaidia, ila hewa yetu ya pwani tayari imejaa maji, kwa hivo ule ubaridi wa maji kukauka haupatikani kama watu wa bara wanavyoupata, na feni ikizidi unyevu unashuka na chura anataka unyevu wa asilimia 80 na kwenda juu. Nikaizoesha robo saa kila saa. Na chupa za maji zilizoganda nikawa naziweka juu ya wavu, mpaka ile Jumanne ya Februari stima ilipopotea asubuhi ikarudi magharibi, feni hakuna, barafu hakuna, kipima kikapanda mpaka 30.5 na kikakaa hapo. Nilikaa hapa hapa sakafuni nakiangalia. Lau wangekuwamo ningekua nazika. Siku ya pili yake nikaenda kutafuta betri na paneli ndogo ya sola, feni sasa haitegemei stima.

Maji. Hapa nisikilizeni vizuri manake chura hanywi kwa mdomo, anakunywa kwa ngozi, kilichomo kwenye maji kimo mwilini mwake. Nilianza na maji ya kisima. Wiki ya tatu nozeli moja ikaanza kutema matone badala ya ukungu, ya pili ikaziba kabisa. Niliifungua, tazameni hii niliyoiweka kwa ushahidi, mnaona huo ukoko mweupe kwenye tundu? Chumvi na chokaa. Nikailaza kwenye siki usiku kucha ikazibuka, lakini nikajiuliza kama maji haya yanaziba shaba, ngozi ya chura itakuaje. Nikapima kwa kile kidude cha mfukoni cha kusoma chumvi na madini yaliyomo kwenye maji, kisima kilisoma zaidi ya 1,000, maji ya mvua kwenye jabia yetu hayakufika 30. Toka siku hio ni mvua tu, na pampu haijaziba tena. Maji ya mfereji yana dawa, hayo pia yaacheni.

Sasa sehemu ninayoipenda. Ng'ambo watu wananunua kwa pesa vitu ambavyo sisi tunavikanyaga. Udongo wa ndani unataka makumbi ya nazi, haya nimepata bure, lakini angalia, yakiwa ni usumba uliotoka kufukiwa matopeni pwani yana chumvi ya bahari, mimi niliyasuuza mara saba na ya nne bado ukionja ulimi unahisi. Nikachanganya na mkaa uliosagwa. Chini yake vigae vya mtungi uliovunjika, nimeviosha, maji ya ziada yazame huko mizizi isioze. Mawe ya matumbawe usitie, yanatoa chokaa kwenye maji. Magogo ya ufukweni pia usitie, yamelowa chumvi. Juu ya udongo majani makavu ya mkungu, yale tunayofagia kila asubuhi uani, wenzetu wanayauziwa kwenye pakiti! Nayachemsha kwanza kuua vijidudu, manake kuna ugonjwa wa ukungu wa ngozi, kitridi, umemaliza vyura wengi duniani. Na kifuu, hiki hapa, nimekitoboa mlango pembeni nikakifudikiza juu ya kisahani, ndio chumba chao cha kutagia mayai. Bosi wangu wa Italia alikua anaagiza vifuu kwa posta.

Mimea nimetia feni za msituni, samahani, zile zinazoitwa fern, na bromelia mbili, ndugu yake nanasi, katikati ya majani inashika maji na kuna vyura wa ukoo huu wanaobeba ndubwi mgongoni kuwapeleka humo. Imeshika vizuri, hata taa ya seti naisifu, majani mapya yanatoka kila wiki.

Kipima cha mshale kilichokuja na seti msikiamini, nimekiweka sambamba na cha dijito kikakosea nyuzi mbili. Na wavu wa juu una matundu makubwa, nzi wa matunda wanatoka kama hakuna kitu, nimetandika kitambaa cha mtandio mwepesi juu yake. Makopo ya nzi, chungu waliyavamia usiku mmoja wakamaliza yote, sasa miguu ya meza iko ndani ya vikopo vya maji kama bibi alivyokua akifanya kabati lake la chakula. Bibi huyo huyo ndie alikua na samaki kwenye birika la chooni wa kula mabuu ya mbu, kwa hivo aliponiona na kabati hili hakushangaa kama mlivyoshangaa nyinyi.

Kwa hivo kabati na pampu na taa nunua, mkeka na kipima umelipia bure.

La mwisho, kibali. Vyura hawa wamo kwenye CITES, ule mkataba wa dunia wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, Kiambatisho cha 2, toka 1987, na kwetu Kenya bila ruhusa ya KWS, shirika la wanyamapori, huwezi kuingiza wala kufuga. Njia za panya hapana. Na kuna kijana aliniuliza kama aende msitu wa Arabuko-Sokoke akamkamate yule chura mweusi mwenye mistari miekundu, mwanangu muache alipo, huyo nae ana sumu na msitu ni kwake.

Maombi yangu nimeshayaandika, yako pale kidakani, sijayapeleka. Saa hii ni saa nane mchana, jua la Machi nje, kipima hiki hapa kinasoma 27.4. Nataka kaskazi nzima ijayo kisipite 27. Kisipopita, nitayapeleka.